Kulifuatilia jina ndani ya kerneli ya Linux: mwongozo kamili, kutoka EINVAL hadi mzizi wake

Mwenzangu mmoja aliniletea draiva aliyoiandika mwenyewe kwa ajili ya kipima joto kidogo. Moduli ilipakiwa bila lawama, faili `/dev/mfano` ilikuwepo, lakini kila alipojaribu kuisoma alijibiwa hivi:

    $ cat /dev/mfano
    cat: /dev/mfano: Invalid argument

Alikuwa ameshaipitia funksheni yake ya kusoma mstari kwa mstari, mara tatu, na kuipachika `pr_info` (amri ya kuandika ujumbe kwenye kumbukumbu za kerneli) kila pembe. Kwenye `dmesg`, inayoonyesha ujumbe huo, hakutokea hata herufi moja. Kimya hicho kilikuwa ushahidi tosha: funksheni yake haikuitwa kabisa. Kerneli ilimkatalia mlangoni. Mlango upi, na komeo aliliweka nani?

Hapo ndipo kazi ya kufuatilia majina inapoanza. Kerneli ya Linux ina mamilioni ya mistari, na hakuna anayeijua yote. Anayeonekana kuijua ni yule anayejua kuuliza jina limezaliwa wapi, nani analiwekea thamani na nani anaisoma thamani hiyo. Nitakipitia kisa hiki kuanzia kosa hadi mzizi kwenye toleo la 6.6, ambalo linatunzwa kwa muda mrefu. Kila zana nitaitaja pale tunapoihitaji.

Kwanza, pata msimbo wa toleo lako

Endesha `uname -r` uone kerneli yako ni ipi, kisha soma msimbo wa toleo hilohilo. Watu wengi hupoteza siku nzima wakisoma tawi la karibuni huku mashine yao inaendesha toleo la miaka mitatu nyuma. Funksheni huhama faili, hubadilishwa majina, hufutwa.

Kama bando lako ni dogo, chukua toleo moja tu bila historia:

    git clone --depth 1 --branch v6.6 https://git.kernel.org/pub/scm/linux/kernel/git/torvalds/linux.git

Ukiweza kumudu, chukua hazina nzima. Ni gigabaiti kadhaa, lakini historia ni nusu ya majibu, kama utakavyoona mbele. Mwenye simu tu atumie Elixir, tovuti ya kampuni ya Bootlin ya Ufaransa: unachagua toleo, unaandika jina, unapewa lilikofafanuliwa na kila linakotajwa. Ni kazi ileile iliyoanzishwa na LXR kutoka Chuo Kikuu cha Oslo miaka ya 1990. Mimi huifungua ninapotaka kulinganisha matoleo haraka. Kwa uchunguzi wa kweli narudi kwenye terminali.

Kamata ncha ya uzi

Usianze kwa kukisia jina. Anza na kitu ulichokiona kwa macho. Hapa inatosha `strace`, inayoonyesha kila mwito wa mfumo, yaani ombi la programu kwa kerneli:

    $ strace -e trace=openat,read cat /dev/mfano

Mistari ya mwisho ilionyesha `openat` imefaulu na kurudisha 3, kisha `read(3, ...)` ikarudisha `-1 EINVAL`, ambayo ndiyo ile "Invalid argument". Kwa hiyo kufungua kulikwenda sawa, na kusoma ndiko kulikokataliwa. Jina la kwanza la kufuatilia ni mwito wa mfumo uitwao `read`.

Neno `read` lenyewe ukilitafuta utazama. Kila mtu aliyesoma kidogo juu ya kerneli anajua kuwa mwito huo ndani huitwa `sys_read`, basi tulijaribu hilo:

    git grep -nw sys_read

Mimi huanza na `git grep` kila mara, kabla ya zana yoyote nzito. Ni ya haraka, haihitaji maandalizi, na haikufichi kitu: inaona msimbo wa C, asembli, faili za Kconfig (zinazofafanua chaguo za kujenga kerneli), nyaraka, vyote. Herufi `n` inaleta namba ya mstari, `w` inataka neno zima, ili `sys_read` isikuletee `sys_readlink` na ndugu zake wote.

Jambo moja la kukumbuka: `git grep` hupekua faili ambazo Git inazifahamu tu. Draiva yako mpya ambayo hujaifanyia `git add` haitaonekana mpaka uongeze `--untracked`.

Majina yasiyoandikwa popote

Matokeo yalimshangaza mwenzangu. `sys_read` ilikuwemo kwenye `include/linux/syscalls.h` kama tangazo, na kwenye `arch/x86/entry/syscalls/syscall_64.tbl` kama mwito namba 0, pamoja na majedwali ya prosesa nyingine. Mwili wa funksheni haukuwepo mahali popote. Ungedhani imefutwa.

Haikufutwa. Jina hilo hutengenezwa wakati wa kukompaili. Kwenye `fs/read_write.c` kuna mistari hii:

    SYSCALL_DEFINE3(read, unsigned int, fd, char __user *, buf, size_t, count)
    {
            return ksys_read(fd, buf, count);
    }

`SYSCALL_DEFINE3` ni makro, yaani kiolezo ambacho kompaila hukifunua kuwa msimbo. Makro hiyo huunganisha vipande vya maneno kwa alama ya `##`, na kwenye mashine za x86 za biti 64 jina linalozaliwa ni `__x64_sys_read`. Namba 3 ni idadi ya hoja. Kwa hiyo mwito wowote wa mfumo utafute hivi:

    git grep -nE 'SYSCALL_DEFINE[0-9]\(read,'

Hili ndilo tundu linalowameza wageni wengi, kwa hiyo litazame vizuri. Kerneli imejaa viwanda vya majina. Mfano ninaoupenda ni `PageDirty` na `SetPageDirty`. Zinaitwa kutoka sehemu nyingi, lakini hutapata zilikoandikwa, kwa sababu zinatoka kwenye mstari mmoja wa `include/linux/page-flags.h` unaoanza na `PAGEFLAG(Dirty, dirty, PF_HEAD)`. Majina yanayoanza na `trace_` vilevile mengi huzaliwa na makro `TRACE_EVENT` zilizomo `include/trace/events`.

Dalili ni moja: jina linaitwa kila mahali na halijafafanuliwa popote. Ukiiona, likate vipande. Ondoa kiambishi cha mbele, ondoa cha nyuma, tafuta kiini kilichobaki pamoja na mabano ya kufungua. Ikishindikana, iambie kompaila ikuonyeshe faili baada ya makro zote kufunuliwa:

    make defconfig
    make fs/read_write.i

Faili ya `.i` ni ndefu mno, lakini humo jina limeandikwa kamili, na unaweza kulipekua kwa `grep` ya kawaida.

Soma funksheni nzima, usisome mstari mmoja

Kutoka `ksys_read` tunafika `vfs_read`. Badala ya kufungua faili na kuteremka, itoe nzima:

    git grep -nW '^ssize_t vfs_read(' fs/read_write.c

`W` kubwa huleta mwili wote wa funksheni. Mwanzoni mwake kuna hivi:

    if (!(file->f_mode & FMODE_READ))
            return -EBADF;
    if (!(file->f_mode & FMODE_CAN_READ))
            return -EINVAL;

Chini zaidi kuna `-EINVAL` nyingine, pale ambapo faili haina `read` wala `read_iter`. Vilevile `rw_verify_area`, inayoitwa katikati, ina sababu zake za kukataa. Kwa hiyo milango ni zaidi ya mmoja, na kusoma tu hakukuambii umegonga upi.

Hapo tuliacha kusoma kwa muda tukaiuliza mashine inayoendeshwa, kwa mamlaka ya root na `trace-cmd`, zana inayorekodi jinsi funksheni za kerneli zinavyoitana:

    trace-cmd record -p function_graph -g vfs_read -F cat /dev/mfano
    trace-cmd report

Kabla ya kufika kwenye faili yetu, `cat` hupakia maktaba zake, na usomaji huo nao ulirekodiwa. Kila `vfs_read` ya maktaba ilikuwa na tumbo: ndani yake `rw_verify_area`, kisha funksheni za mfumo wa faili. Ile ya mwisho, ya `/dev/mfano`, ilikuwa mstari mmoja mtupu, `vfs_read();`, bila kitu ndani. Kwa hiyo ilirudi kabla ya `rw_verify_area`. Jibu lilikuwa `EINVAL`, si `EBADF`, na mlango ukabaki mmoja: `FMODE_CAN_READ`.

Ukiona jina kwenye msimbo lakini halimo kwenye rekodi wala `/proc/kallsyms` (orodha ya majina ya kerneli inayoendeshwa), usidhani haliendeshwi. Funksheni ndogo mara nyingi humezwa ndani ya zile zinazoziita, na nyingine kompaila huziongezea mkia kama `.isra.0` au `.constprop.0`.

Tenganisha wanaouliza na wanaoweka

Sasa tuna jina safi, la kipekee, lisilotengenezwa na makro. Haya ndiyo majina ya kutafutwa:

    git grep -nw FMODE_CAN_READ

Matokeo yanayopatikana yapange mafungu matatu. La kwanza ni kuzaliwa: `include/linux/fs.h`, ambapo ni biti 0x20000, na juu yake maelezo mafupi kwamba faili ina njia ya kusoma. La pili ni wanaouliza, mistari yenye `&` peke yake, kama ile ya `vfs_read`. La tatu ni wanaoweka, mistari yenye `|=`. Fungu la tatu ndilo lenye jibu karibu siku zote, na ndilo dogo kuliko yote. Wanaouliza wanakuambia kosa lilionekana wapi, wanaoweka wanakuambia kwa nini.

Hapa wanaoweka ni wawili. Mmoja yuko `fs/file_table.c`, kwa faili zisizofunguliwa kwa njia ya kawaida, kama mabomba na soketi. Mwingine ni `do_dentry_open` ndani ya `fs/open.c`, nao ndio wetu:

    if ((f->f_mode & FMODE_READ) &&
         likely(f->f_op->read || f->f_op->read_iter))
            f->f_mode |= FMODE_CAN_READ;

Yaani bendera huwekwa wakati wa kufungua, kwa kutazama kama draiva imeleta `read` au `read_iter`. Draiva ya mwenzangu ilionekana haina hata moja. Naye alikuwa ameketi pembeni yangu akininyooshea kidole kwenye skrini: `.read = mfano_read`, hiyo hapo!

Swali la pembeni: kwa nini iwepo bendera badala ya kutazama `f_op` kila mara? Hilo huulizwa historia, kama ulichukua hazina nzima:

    git log --oneline --reverse -S FMODE_CAN_READ -- include/linux/fs.h

`-S` hutafuta mabadiliko yaliyoongeza au kupunguza idadi ya kutajwa kwa jina. Ukitaka pia mistari iliyohaririwa tu, tumia `-G`. Utafika kwenye badiliko la Al Viro, mtunzaji wa sehemu ya mifumo ya faili, la mwaka 2014, ambalo kichwa chake kinasema ukaguzi wa kuwepo kwa njia za kusoma umehamishiwa kwenye `f_mode`. Ujumbe wa badiliko mara nyingi hueleza sababu ambayo msimbo hauwezi kuieleza. Ukomo wa historia hiyo ni Aprili 2005, toleo la 2.6.12-rc2, Linux ilipohamia Git. Ukiona `git blame`, inayoonyesha kila mstari uliletwa na badiliko lipi, inakurudisha kila mara kwenye `1da177e4c3f4`, umefika ukutani.

Vielekezi vya funksheni: hapa grep inahitaji msaada

`f->f_op->read` si jina la funksheni. Ni kielekezi ndani ya muundo, na kinaweza kuelekea kwa yeyote. Ukiuliza nani anaiita `mfano_read`, hakuna zana itakayokujibu kwa kusoma maandishi peke yake, maana hakuna anayeiita kwa jina. Unauliza mara mbili: nani ameijaza nafasi hiyo, na muundo huo umefikaje kwenye faili iliyofunguliwa.

La kwanza:

    git grep -nE '\.read_iter[[:space:]]*='

Utaona, kwa mfano, `ext4_file_read_iter` ndani ya `fs/ext4/file.c`. Kwa njia hiyohiyo utagundua kwa nini kusoma saraka kwa `cat` huleta "Is a directory": mifumo mingi ya faili hujaza `.read` ya saraka kwa `generic_read_dir`, na kazi yake pekee ni kurudisha `-EISDIR`.

La pili ni la kuangalia kwa makini:

    git grep -nE 'f_op[[:space:]]*=[^=]' -- fs include

`do_dentry_open` inaweka `f_op` kutoka `inode->i_fop`. Lakini kwa vifaa vya herufi (vinavyosomwa kama mfululizo wa baiti, kama chetu), `i_fop` si ya draiva. Ni `def_chr_fops` ya `fs/char_dev.c`, na hiyo haina `read` kabisa. Kwa dakika moja tukadhani tumempata mwizi. Kisha tukaona mstari mwingine kwenye matokeo, ndani ya `include/linux/fs.h`: makro iitwayo `replace_fops`, na tendo la kuweka `f_op` limefungwa ndani ya `BUG_ON`. Ukitafuta wanaoweka `f_op` ndani ya `char_dev.c` hutaona lolote, kwa sababu hapo imeandikwa `replace_fops(filp, fops)`. Kwa hiyo ukikuta jina linawekwa ndani ya makro, makro hiyo nayo ni jina jipya la kufuatilia:

    git grep -nw replace_fops

`chrdev_open` inaiita, na `misc_open` pia. Rudi kwenye `do_dentry_open` utazame mpangilio: inaweka `f_op` ya muda, inaita `open` yake, ambayo ni `chrdev_open`, hiyo inabadilisha `f_op` kuwa ya draiva, na baada ya hapo tu ndipo bendera inapopimwa. Mpangilio uko sawa. Kerneli haikukosea. Muundo uliofika kutoka kwenye draiva ulikuwa hauna `read`.

cscope na tags, wakati gani

Hadi hapa tumetumia Git tu. Ukiwa na safari ndefu, ya siku kadhaa ndani ya sehemu ileile, tengeneza faharasa:

    make cscope tags

Usiendeshe `ctags -R` mwenyewe. Amri ya `make` hupitia `scripts/tags.sh`, ambayo imefundishwa viwanda vya majina tulivyoviona: inajua `SYSCALL_DEFINE3(read` maana yake `sys_read`, na `PAGEFLAG(Dirty` maana yake `PageDirty`. Pia huchukua usanifu mmoja tu wa prosesa, ule wa mashine yako, kwa hiyo hutachanganywa na nakala ya kila prosesa. Unayeiandikia bodi ya ARM ya biti 64 ongeza `ARCH=arm64`.

cscope ni zana ya zamani iliyozaliwa Bell Labs, lakini kwa maswali haya bado ni hodari:

    cscope -d -L -1 vfs_read
    cscope -d -L -3 vfs_read
    cscope -d -L -9 f_op

Namba 1 ni ufafanuzi, 3 ni wanaoiita funksheni, 9 ni wanaoweka thamani. `-d` huizuia kujenga faharasa upya.

Majina ya Kconfig, na mwisho wa kisa

Lilibaki swali moja juu ya draiva yenyewe. `.read = mfano_read` ilikuwepo kwenye skrini. Je, ilikuwepo baada ya priprosesa (hatua inayofunua makro na kuchuja `#ifdef`) kupita?

    make drivers/char/mfano.i
    grep -n mfano_read drivers/char/mfano.i

Hakukuwa na kitu. Funksheni yote na mstari wa muundo vilikuwa vimeondolewa. Tukapanda juu ya faili, na ndani ya `#ifdef` kulikuwa na `CONFIG_MFANO_SOMA`.

Majina ya aina hii yana tabia yao. Kwenye C na Makefile yana kiambishi `CONFIG_`, lakini kwenye faili ya Kconfig hayana. Anayetafuta `CONFIG_EXT4_FS` hatapata palipofafanuliwa, kwa sababu hapo imeandikwa `config EXT4_FS`. Tena chaguo likiwekwa `m`, makro inayozaliwa ina mkia wa `_MODULE`, na `#ifdef` ya kawaida inakuwa uongo. Ndiyo maana ndani ya C ni salama zaidi kutumia `IS_ENABLED`, inayokubali hali zote mbili. Tafuta sura zote kwa pamoja:

    git grep --untracked -nwE '(CONFIG_)?MFANO_SOMA(_MODULE)?'

Yalirudi matokeo ya `mfano.c` tu. Kwenye Kconfig jina hilo halikuwepo. Tukatafuta `config MFANO` bila `w`:

    drivers/char/Kconfig:  config MFANO_KUSOMA

Silabi moja tu, `KU`. Kompaila haina la kusema juu ya `#ifdef` ya jina lisilokuwepo, kwake hiyo ni hali halali. Kerneli ina skripti ya kulinasa kosa hili, `scripts/checkkconfigsymbols.py`, inayoorodhesha majina ya CONFIG yanayotajwa bila kufafanuliwa, ila nayo hutazama faili ambazo Git inazifahamu, basi fanya `git add` kwanza.

Alisahihisha jina, akakompaili, akapakia moduli. `cat /dev/mfano` ikatoa 27, na kwenye `dmesg` zile `pr_info` zake zote zikajipanga.